Mnyimeni Sukari Mtu Huyu

Ifikapo saa 8 mchana, ugali unapoanza kudai haki yake tumboni na baridi ya Juni ikishuka kutoka mlima Loleza hadi kwenye vidole vya karani aliyekaa tu, sihitaji ushauri wala maombi, bali kikombe cha kahawa au chai kisicho na hata chembe ya sukari. Hapa Mbeya, ombi hilo ni gumu kuliko mkopo.

Mama ntilie wa jirani na ofisi yetu huchemsha chai ya rangi alfajiri na kumwaga sukari humo humo sufuriani kabla ya kuitia kwenye chupa, kwa hiyo kumwomba chai isiyo na sukari ni kumwomba aichomoe. Nilipomweleza haja yangu, aliniangalia kwa huruma, kisha akauliza kwa sauti iliyofika hadi kijiwe cha bodaboda: "Baba, mshahara umechelewa tena?" Mteja mmoja akajitolea kunilipia hiyo sukari. Mwingine akataka kujua kama nimepimwa, na kabla sijajibu alikwisha kunitajia mizizi ya kuchemsha.

Muuza kahawa wa Mwanjelwa walau birika lake ni chungu tangu asili, lakini naye, kikombe kikinifika tu mkononi, husogeza sahani ya kashata na kunikazia macho mpaka ninunue.

Na haya yanatendeka kwa watu wanaoishi katikati ya mashamba! Kahawa ya arabika inalimwa kwa jirani zetu wa Mbozi, chai imefunika vilima vya Rungwe, na kafeini imo ndani ya buni na majani yenyewe. Ndiyo inayokalia nafasi ya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tangu tunapoamka na kutuletea usingizi. Sukari haina mkono katika kazi hiyo. (Kwamba baada ya muda wa takriban saa 5 tangu kunywa, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini, na kwamba mke wangu hulalamika ninavyohesabu mbao za dari usiku, ni kesi nyingine.)

Jana mhudumu wa ofisi aliniletea, hatimaye, chai isiyo na sukari. Akaiweka mezani kwa heshima zote, akainama na kuninong'oneza kwamba, kwa vile ananihurumia, ametia asali.