Munarudisha katuni mpya, ile ya zamani nani atamaliza?

Bandugu ba Goma, hii maneno ya kufufua makatuni ya masuperhiro inaniudhi kabisa. X-Men ya 1992 iliisha 1997, sawa, 2024 bakairudisha kwa jina X-Men '97, episodi 10, na kusema kweli ilikuwa tamu, hiyo sina shida nayo. Shida yangu ni Spider-Man ile ya 1994! Iliisha 1998, Peter (njo Spider-Man mwenyewe) anaondoka na Madame Web, mama mwenye nguvu za ajabu, kuenda kutafuta mupenzi wake Mary Jane, yule wa kweli, njo basi, kwisha, batoto bote tukabaki midomo wazi. Sasa bamepata pesa ya kufufua, banafanya nini? Banamuonyesha Peter na Mary Jane pamoja ndani ya X-Men '97, sekunde kidogo tu, pembeni. Alimupata wapi? Namna gani? Hakuna mwenye anasema!

Halafu Young Justice, katuni ingine ya masuperhiro, ikasimamishwa 2013, ikarudi 2019, ikaendelea mpaka 2022, ikasimama tena, na siye huku tunaunguza mega usiku juu ya kudaunlodi, umeme inakatika episodi ikiwa karibu kuisha kushuka (na jirani mwenye jenereta anajua bei yake), unaenda kwa kijana mwenye kuweka mafilamu kwenye flashi anakwambia eti kaka, msimu wa ine niko nao wa Kiingereza tu, ya Kifaransa ungoje kwanza. Ningoje nini, tena basimamishe?

Mwenye iko nayo ya Kifaransa aniandikie, flashi yangu ni ya giga 16.