Vishada Vilivyopanda Lori la Taka

Mimi ndiye niliyevitupa. Nasema mapema nisije nikaambiwa nimeficha. Vishada 24 vya kupunga mikononi wakati wa kucheza, vya buluu na fedha, vya akina dada 12 waliotoka Marekani wakavuka bahari kuja kuwachezea askari wao katika jangwa la Kuwait, nilivibeba mgongoni asubuhi na mapema huku nikipiga mluzi, nikavitia ndani ya lori la taka. Tena dereva nikampa mkono.

Ilikuwa Desemba 2012. Nilikuwa mfagizi katika kambi moja ya jeshi la Marekani, kule ambako ukitazama kulia ni mchanga, na kushoto ni mchanga uliohama kutoka kulia. Askari wa Marekani wako Kuwait tangu walipomtimua Saddam mwaka 1991, na palipo na Mmarekani mwenye bunduki hapakosi Mkenya mwenye ufagio, Mnepali mwenye sufuria na Mhindi mwenye cherehani. Jina langu hakuna aliyelijua. Niliitwa Mombasa.

Zamu yangu ilikuwa ukumbi wa michezo na vyumba viwili vya nyuma. Kazi nyepesi, isipokuwa kwa jambo moja: makaratasi. Lile jeshi linaandika! Na likishaandika likasoma, linatia karatasi kwenye mashine na kuikatakata mpaka iwe tambi za Idi. Sajini aliyetusimamia, pande la mtu lenye sauti ya honi ya feri ya Likoni, aliniambia siku ya kwanza: "Mombasa, chochote kilichokatwa tambi kisilale humu ndani. Kikilala, nawe utalala hapo hapo ukikilinda." Nikaishika amri hiyo kama nilivyoishika Yasini chuoni.

Basi mwezi ule zikaja habari kwamba tunapata wageni, chialida wa timu moja kubwa ya mpira wa kule kwao. Rafiki yangu wa Kisumu, aliyekuwa akiosha vyombo bwaloni, akanijia mbio.

"Mombasa, chialida ndio nini?"

Nikamwambia ni lelemama. Sikuwa natania. Bibi yangu mzaa mama alicheza lelemama Mombasa enzi hizo, wanawake wamevaa sare, wamejipanga safu, kundi hili linashindana na lile mpaka watu wanauza vidani vyao ili sare ipendeze.

"Sasa hawa wanashindana na nani?"

"Wao hawashindani. Timu yao ndiyo inashindana na timu nyingine."

"Na timu iko wapi?"

"Imebaki Marekani."

Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye sufuria zake.

Sajini, ambaye alipenda hotuba kuliko chai, akatukusanya kutueleza. Kuna shirika linaitwa USO, lilianzishwa mwaka 1941 kwa ajili ya kuwaliwaza askari wakati wa vita vya pili vya dunia, na tangu hapo kila Wamarekani wanapopiga kambi huletewa waimbaji, wachekeshaji na wacheza ngoma. Akamtaja Bob Hope, mchekeshaji aliyeanza kazi hiyo mwaka huo huo wa 1941 na bado akaja jangwani Saudia Krismasi ya 1990, akiwa na umri wa miaka 87. Akasema chialida wa Dallas Cowboys walikwenda kuwachezea askari Korea Kusini mwaka 1979, na safari za namna hiyo hazijakatika tena. Hawa wetu walikuwa wa timu nyingine, lakini alitutazama kana kwamba ni yeye aliyewazaa. "Wanakuja kwa kujitolea," akasema. "Hawalipwi. Kwa hiyo nataka kambi ing'ae."

Neno "ing'ae" liwekeni akiba.

Wakafika. Siku ya kwanza walizungushwa hospitali ya kambi, wakapandishwa juu ya kifaru wakapigwa picha, kisha adhuhuri wakaingia bwaloni kutusaidia kupakua chakula. Hiyo ilikuwa balaa ndogo kabla ya balaa kubwa. Mkuu wa zamu jikoni alikuwa mama mmoja wa Kampala aliyegawa kuku kama mwanasheria anayegawa mirathi, kila mtu paja moja, akiongezwa ni mfupa. Dada wa kwanza kushika upawa akampa askari mapaja matatu na tabasamu. Wa pili akatoa manne. Foleni ikaanza kujikunja, waliokwisha kula wakarudi nyuma kupanga upya. Nusu saa, kuku kwisha, na nje bado wamesimama watu kama 200. Mama akavua glavu, akaziweka mezani taratibu, akasema, "Mimi sijui. Waulizeni wageni."

Jioni nilipokuwa nikipiga deki nikasikia nyuma yangu, "Samahani, nimekukanyagia." Alikuwa mmoja wao, mkuu wa safu, amevaa suruali ya mazoezi na kandambili, na uso umemchoka. Tukazungumza kidogo. Nilidhani naongea na tajiri. Kumbe dada wa watu ni mwalimu wa darasa la kwanza! Mwenzake muuguzi, mwingine yuko benki, wawili bado wanasoma. Ngoma ni ya jioni na wikendi, na Jumamosi nyingine hushinda wakigawa chakula kwa maskini au wakiwatembelea watoto waliolazwa. Nikamuuliza timu inawalipa kiasi gani. Alipotaja, ilibidi nishike ufagio wangu vizuri. Nilimwona ananidanganya, hadi mwaka 2014 niliposoma kwamba wacheza ngoma wa timu moja ya California wameishtaki timu yao kwa ujira mdogo, wakalipwa dola milioni 1.25 kumaliza kesi.

Usiku ule wakafanya mazoezi ukumbini, wakaenda kulala.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nikaingia zamuni. Chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kukatia karatasi, pale pale ninapokuta mifuko yangu kila siku, nimewekewa mfuko mweusi mkubwa umefungwa mdomo. Nikafungua kidogo kuchungulia. Tambi! Tambi tele, nyembamba, za buluu na za fedha, zinameremeta. Kwa muda nikasimama. Moyo ukaniambia hizi si karatasi za kawaida. Na hapo ndipo akili yangu iliponisaliti, kwa sababu badala ya kujiuliza ni kitu gani, nilijijibu: ikiwa karatasi za kawaida ni nyeupe, basi hizi zinazong'aa ni siri kubwa zaidi, na siri kubwa zaidi ndiyo ya kuwahiwa kabla jua halijatoka. Nikafunga mdomo wa mfuko mafundo matatu.

Lori la taka la kule lina mkono wa chuma unaosukuma uchafu ndani na kuubana. Nilisimama kuhakikisha. Likasema *kraaa*, kishada kimoja kikachomoza pembeni kama kinaniaga, kikamezwa. Lori likaondoka kwenda jalalani, mbali nje ya kambi.

Saa saba mchana nikaitwa. Ukumbini wamesimama akina dada 12, mikono mitupu, na katikati yao Sajini.

"Mombasa. Umeuona mfuko mweusi?"

"Uliokuwa na tambi, afande?"

Kimya. Mmoja wa akina dada akaziba mdomo kwa kiganja.

"Uko wapi?"

"Haukulala humu ndani, afande. Nilifuata amri."

Sajini akafumba macho. Alipoyafumbua akaniuliza kwa upole, upole ambao sijawahi kuuogopa vile: "Mombasa, karatasi gani ya jeshi inameremeta?"

"Nilidhani ni siri ya ngazi ya juu, afande."

Sikujua kama Sajini huweza kukaa chini. Alikaa chini, sakafuni. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyeanza kucheka, kisha wakashikana mabega wote 12 wakacheka mpaka wanja ukawachuruzika, mimi nimesimama kama nguzo, nikihesabu ni siku ngapi zimebaki kabla ya kurudishwa Kisauni na begi langu.

Jalala lilipigiwa simu. Jibu lilikuwa fupi. Onyesho lilikuwa saa mbili usiku.

Sasa, watoto wa Kisauni wa rika langu, kuna kitu kimoja tulichofundishwa na dhiki kabla ya shule: kufunga mpira wa mifuko ya nailoni. Siku hizi mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na sijui watoto wanafunga nini, lakini sisi tulikuwa mafundi. Nikamwambia Sajini anipe mifuko ya taka ya buluu kutoka jikoni, ile myeupe ya vyumbani, na tepu pana ya kijivu ambayo jeshi hutengenezea kila kitu, kuanzia viatu hadi helikopta. Alinitazama kwa muda mrefu. "Unataka mifuko ya taka," akasema. "Wewe."

Akaileta.

Tulikaa jikoni watu saba. Unakunja mfuko, unakata tambi kutoka huku na huku bila kufika kati, unapandanisha mifuko sita, unaibana kiuno kwa tepu mpaka kiwe kishikio, halafu unazichambua tambi moja moja kwa vidole hadi zivimbe. Mhindi wa cherehani alikata, mkasi wake hakumwazima mtu. Rafiki yangu wa Kisumu alifunga tepu. Mama wa Kampala alikaa kichwa cha meza akikagua, na kisichojaa alikirudisha: "Hiki kimekonda, kirudie." Saa mbili kasorobo vilikuwa 24. Nakwambia, ukivitazama kwa mbali, tena ukiwa na usingizi, hujui tofauti.

Ukumbi ulifurika, wengine wakakaa juu ya makasha. Muziki ukapiga, wakatoka mbio safu moja, vishada juu, na kambi ikapasuka kwa makelele. Mimi nyuma ya pazia nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu saa saba.

Lakini nailoni, hewa ya jangwani ilivyo kavu, na miguu iliyovaa soksi nyembamba za kubana! Kila wakisugua kishada pajani, umeme unajaa. Dakika ya tatu hivi nikaona nywele zinaanza kunyanyuka. Nywele walizozitengeneza saa nzima zikasimama wima, kichwa kimoja baada ya kingine, kama watu waliosikia habari mbaya. Kisha vishada vikakataa kuachia. Dada akinyoosha mkono mbele, tambi zinabaki zimemganda nyongani. Mmoja tambi zilimshika mdomoni kwenye rangi, akacheza ubeti mzima akipuliza *pfu, pfu* bila kukosea hatua. Mwingine kishada kilimtoka mkononi kikamnata mgongoni, akawa anageuka kukitafuta, na kila akigeuka nacho kinageuka naye. Askari walidhani ndiyo michezo yenyewe. Walipiga miguu chini mpaka vumbi likashuka darini.

Na ile mifuko ya buluu ya jikoni ilikuwa na maandishi. Tulikuwa tumeyakata yote, isipokuwa tambi moja, ndefu, kwenye kishada cha mwalimu. Alipomaliza kwa mguu juu na mkono mbele, pua kwa pua na kanali aliyekaa safu ya kwanza, kanali akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti: "Mabaki ya chakula tu."

Mwalimu akamjibu papo hapo kwamba jana kuku walikwisha, ndiyo yaliyobaki.

Baada ya onyesho huwa wanakaa kwenye meza ndefu kutia saini picha zao, na askari wanapanga foleni. Sisi wa mafagio hatukuwa na ruhusa ya kupanga. Nilikuwa naokota tambi sakafuni (moja moja, na kila moja nikiuliza kwanza kama ni taka) Sajini aliponishika bega akanisukuma hadi mbele. Wakanipa picha ya wote 12 na saini zote. Mwalimu akaongeza mstari chini: *Kwa Mombasa. Hii usiitupe.*

Sikuitupa. Mkataba ulipokwisha nikarudi nayo Kisauni ndani ya begi, katikati ya blanketi, nikamwonyesha mke wangu nikimsimulia haya yote. Alicheka sana kwenye kuku. Kisha akaishika ile picha kwenye mwanga, akaiangalia juu, akaiangalia chini, akaniuliza naitaka ikae wapi. Nikasema sebuleni, kwa nini? Akasema hakuna neno.

Kesho yake nilipotoka msikitini niliikuta imetundikwa sebuleni, kwenye fremu. Alikuwa amechukua leso yake kuukuu, akaikata vipande 12, akawabandikia mmoja mmoja kwa gundi kutoka kiunoni hadi kwenye buti. Wote sare, safu moja, kama bibi yangu na wenzake. Kwa mwalimu pale katikati limeangukia jina la leso, magotini, linasomeka vizuri: HANA SABABU. Hasidi mwenyewe alikwenda na mkasi.