Kuchora kuta tuchore, lakini ukuta gani?

Barazani kwetu hapa Unguja kuna mjadala, wengine wanataka Mji Mkongwe uchorwe picha kubwa ukutani kama Chicano Park, ile paki ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko kule San Diego. Paki ile mimi naipenda khasa kwa ilivyopatikana. Mtaa wao ulikatwa na barabara kuu, 1969 likafunguliwa daraja la Coronado juu ya vichwa vyao, wakaahidiwa paki, mara tarehe 22 Aprili 1970 wanaona makatapila yanasawazisha kumbe panajengwa kituo cha polisi wa barabarani, basi wakaingia wanafunzi, kina mama na watoto wakasimama mbele ya mashine mpaka ardhi wakaipata. Nguzo za daraja wakaanza kuzichora 1973.

Wanaotaka tuchore wana haki. Bustani ya Forodhani tangu ifunguliwe upya 2009 imependeza, urojo tunakunywa pale, lakini mtoto hapati ukuta wa kumwambia babu yake alikuwa baharia wa jahazi. Na vijana wetu wanaojua brashi wamebaki na picha za tingatinga za kuuzia watalii tu.

Ila wale wa San Diego walichora zege jamani. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unakunywa unyevu kisha unautoa, ukiupaka rangi ya plastiki unauziba pumzi. Kuna duka mtaani kwetu lilipakwa hivyo, masika mawili tu rangi imevimba kama andazi, watoto wanaitoboa kwa vidole na ndani inamwagika chokaa unga mtupu. Na hapo Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, sehemu yake imeshatuangukia Disemba 2020.

Kwa hiyo mimi nasema twendeni Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, pale Michenzani. Yale majumba marefu ni ya saruji, na wanaishi wenyewe wenye mji, si mahoteli. Wazee wasiotaka sura za watu wasikilizwe, kanga zetu zina mapambo na majina ya kutosha kujaza ukuta, hata milango ya njumu ichorwe. Ninachokiogopa ni rangi za vyama, maana ukuta ukishakuwa wa chama nusu ya mtaa haiutaki tena. Tuanze na ukuta mmoja, na wanaokaa nyuma yake ndio waulizwe mwanzo wanataka waone nini wakifungua mlango asubuhi.