"Salama Tu" Si Jibu la Kuandika Kwenye Faili

Jumatatu nilimsindikiza mama mkubwa kwenye mionzi. Wiki ya tatu sasa, saratani ya shingo ya kizazi. Kijana aliyempokea akauliza, "Mama, unaendeleaje?" Akajibu, "Salama tu, mwanangu." Ikaandikwa: hali nzuri. Tangu asubuhi ya Jumapili alikuwa ameenda chooni mara tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba ndoo.

Simlaumu kijana. Ndivyo tulivyolelewa: ukiulizwa hali, unajibu njema kwanza, hata kama umebebwa. Na mama wa miaka 64 atamwambiaje mtu wa umri wa mjukuu wake kwamba anaharisha mpaka anachafua kanga? Basi kwa nini usalama wa utumbo wake utegemee ulimi wake?

Ukuta wa utumbo hujijenga upya kila siku 3 hadi 5. Mionzi ya nyonga na dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika upesi, kwa hiyo nao unaungua. Kumpitisha kamera mtu aliyechubuka ndani, chembe nyeupe zimeshuka, ni kumwongezea hatari. Lakini damu ya mkononi inaweza kusema. Sitrulini, asidi amino (kemikali ya asili) iliyotolewa kwenye tikiti maji huko Japani mwaka 1914, katika damu yetu hutoka zaidi kwa seli za utumbo mwembamba. Seli zikifa, nayo inashuka, na hakuna aliyelazimika kutaja choo mbele ya watu. Kuna pia kalprotektini, protini inayopanda utumbo ukivimba, ambayo hupimwa kwenye choo kidogo ndani ya kikopo, kama tunavyopeleka kupima amiba.

Haya, figo zikiwa mbovu sitrulini hupanda na kudanganya, na habari za utumbo mpana haina. Kalprotektini hupandishwa na maambukizi pia. Na si vipimo vya kila kliniki. Nakubali.

Ila kuna swali lisilohitaji mashine: "Jana umeenda chooni mara ngapi, na kabla ya mionzi ulikuwa unaenda mara ngapi?" Nyongeza ya mara 7 au zaidi kwa siku ni daraja la 3 la ukali wa kuharisha, daraja la kufikiria kulazwa. Mama mkubwa alikuwa anaenda mara moja.

Nilirudi mlangoni nikasema kwa sauti: mara tisa. Akainamisha kichwa, akajifunika uso kwa mtandio. Ndipo akatundikiwa dripu.