Ibn Majid Hana Picha, na Tusimtungie

Tangu programu za akili mnemba ziingie kwenye simu za watu, Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu wa zamani, amekuwa na sura nyingi kuliko tapeli anayesakwa na polisi. Kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Malindi nimemwona mwembamba, nimemwona mnene, nimemwona na kilemba cheupe na cha kijani, na mara moja akiwa na macho ya buluu. Sasa kuna vijana wanaotaka moja ya picha hizo ichapishwe kubwa na itundikwe kwenye makumbusho. Mimi nasema hapana.

Kinara wao ni mtoto wa kaka yangu. "Ami," aliniambia, "Wazungu wana picha za wanasayansi wao wote. Sisi tukimtaja wetu, watoto hawana pa kutupa macho."

Wote? Isaac Newton, kweli, picha anazo. Ya mwanzo inayojulikana ilichorwa na Godfrey Kneller mwaka 1689, miaka 2 baada ya kitabu chake kikuu kutoka. Humo ana nywele zake mwenyewe, zenye mvi, zimemwagika mabegani. Mwaka 1702 mchoraji huyohuyo akamchora tena, na hiyo ndiyo iliyomo National Portrait Gallery, London. Safari hii kavaa wigi kubwa. Katikati ya picha hizo mbili Newton hakuzidi akili. Alizidi cheo, kwani alikuwa ameshapewa ukuu wa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Ukizitazama kwa pamoja unajifunza habari za cheo na fedha. Habari za mwanga na mvutano zimo vitabuni mwake.

Lakini Robert Hooke je? Huyu aliishi London wakati uleule, akagombana na Newton juu ya mwanga na juu ya nani aliwahi kuifahamu kanuni ya mvutano. Mwaka 1665 alitoa kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, kiroboto kachorwa humo mkubwa kama paka, na ni yeye aliyevipa vyumba vidogo vya mmea jina ambalo wanabiolojia wa Ulaya wanalitumia hadi leo, cell, yaani seli. Picha yake haipo. Mgeni mmoja Mjerumani aliyeitembelea Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1710 aliandika kwamba aliiona, na kwamba aliambiwa inafanana naye sana. Mwaka huohuo chama kilihamia jengo jipya, rais akiwa Newton, na tangu hapo picha haikuonekana tena. Wapo wanaosema Newton aliitupa. Ushahidi hakuna, ingawa nakiri uvumi huo una utamu wake.

Pengo lile liliwasumbua watu. Mwaka 2003 mwanahistoria mmoja Mwingereza alitangaza kuwa Hooke amepatikana, kwenye picha iliyokuwa imewekwa makumbusho kwa jina la mtu mwingine, John Ray. Baadaye ikabainika kuwa si Ray wala si Hooke. Ni Jan Baptist van Helmont, mkemia wa Flanders. Picha moja, majina matatu, na waliolishwa majina hayo ni wasomi. Mtoto wa darasa la tano atasalimika vipi na picha iliyotoka kwenye simu?

Na huyu wa kwetu, hata neno "wetu" lina mgogoro. Ibn Majid alizaliwa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, karne ya 15. Hadithi tunayowasimulia watalii, kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, imesimama juu ya mwandishi wa Makka, al-Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baadaye na kudai kuwa Wareno walimlewesha kwanza. Waandishi wa Kireno wanasema rubani alikuwa Mgujarati, mtu wa Gujarat huko India. Wataalamu wengi wa leo wanawaamini Wareno katika hili, nami pia. Basi hata tukimtungia Ibn Majid uso, huenda tunautundika mahali pa mtu mwingine, Mgujarati ambaye hakuna anayemdai.

(Twiga ndiye aliyebahatika. Yule aliyefika China mwaka 1414 kupitia Bengal, na anayedhaniwa alitoka pwani yetu, alichorwa na kuandikiwa mashairi ya sifa. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wake.)

Alichotuachia Ibn Majid ni elimu ya bahari, kwa nathari na kwa mashairi, pamoja na shairi la njia ya kwenda Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji. Hiyo ndiyo iwekwe makumbusho. Kiwekwe na kile chombo cha mabaharia kiitwacho al-kamal: kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Unaling'ata fundo, unanyoosha uzi, ukingo wa chini unaukalisha kwenye upeo wa bahari, wa juu kwenye nyota. Fundo likikubali, umejua umefika kiasi gani kaskazini au kusini. Hapa Malindi nyota ya Jaa, ile inayoonyesha kaskazini, haionekani, iko chini ya upeo, kwa hiyo mabaharia walipimia nyota nyingine, kama zile mbili waziitazo Farqadan. Wareno wenyewe waliandika kwamba walipoondoka hapa tarehe 24 Aprili, siku chache baadaye wakaiona Jaa tena baada ya muda mrefu. Fundi seremala yeyote wa Lamu anaweza kutengeneza vibao kama hivyo kumi kabla ya adhuhuri, kila mtoto akashika chake.

Nilipomweleza haya, yule kijana alinisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Sawa Ami, lakini ukuta utakuwa mtupu." Ikiwa lazima uso uwepo, basi wafanye kama Rita Greer, mchoraji Mwingereza aliyemchora Hooke kwa kufuata maelezo ya watu waliomjua, bila kuficha kwamba sura ile ni ya kukisia. Waandike chini ya picha jina la mchoraji, mwaka, na kwamba aliyechorwa hakuna anayeijua sura yake. Na maandishi hayo yawe makubwa, yasomeke bila miwani.