Azimio lililofika kabla ya wajumbe

Mwaka jana niliwasindikiza wanafunzi wanane wa shule yetu, iliyoko upande wa Usa River, kwenda Arusha mjini kuhudhuria mkutano wa siku tatu wa wanafunzi kuhusu matatizo ya dunia. Walioalikwa ni shule zenye uhusiano na shule za ng'ambo. Sisi shule rafiki yetu iko karibu na Birmingham, Uingereza. Juu ya kila kiti tulikuta bahasha yenye ratiba, kalamu, beji ya jina, na karatasi mbili zilizobanwa pamoja zenye kichwa cha habari "Azimio la Vijana". Vipengele tisa vilikuwa vimekwisha kuandikwa na nafasi za sahihi zimeachwa chini. Mkutano wenyewe ulikuwa bado haujafunguliwa.

Ninayasema haya nikiwa mtetezi wa mikutano ya namna hii. Nimefundisha jiografia muda wa kutosha kujua kwamba mwanafunzi aliyekaa meza moja na mwenzake wa mbali hurudi darasani na maswali ambayo kitabu cha kiada hakijawahi kumchokoza ayaulize. Ugomvi wangu ni mmoja tu: tunawaita watoto wajadiliane, kisha mjadala wenyewe tunaumaliza sisi watu wazima kabla hawajafika, na wao wanabakiziwa kazi ya kusoma kwa sauti.

Mada ya siku ya pili ilikuwa maji safi, ambayo ni lengo la sita kati ya malengo 17 ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Msichana wetu mmoja wa Kidato cha Tatu, mwenyeji wa Maji ya Chai, alipewa dakika tano. Alisoma, kwa Kiingereza cha kukariri, habari za wanawake wa Afrika wanaotembea kilomita nyingi wakiwa na ndoo kichwani. Kwao bomba liko uani, hatua chache kutoka jikoni. Muda wote aliosoma aliiinua karatasi ikamfunika mdomo, na waliokaa mbele walidhani ni woga. Mimi nilijua ni meno.

Maji mengi yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba madini ya floraidi kwa wingi, na mtoto anayekua akiyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna dawa ya mswaki itakayoyang'arisha. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika na miguu kupinda. Magadi tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi huongeza madini hayohayo. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kabla ya kushuka hadi 1.5, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichojishughulisha na kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wala hili si tatizo la kata moja, kwa kuwa linafuata Bonde la Ufa kupitia Kenya hadi Ethiopia, na linasumbua pia India na China. Anayetafuta tatizo la dunia lililo mlangoni pa Arumeru asingepata mfano bora kuliko huu. Katika vipengele tisa halikuwemo.

Mkutano wenye maana ulifanyika wakati wa chai. Kijana mmoja wa shule rafiki, kwa udadisi wa umri wake, alimwuliza msichana wetu kwa nini alikuwa akijificha nyuma ya karatasi, nami nikajikuta nimekuwa mkalimani huku kikombe kikipoa mkononi. Binti alieleza kwa Kiswahili, bila kukwama hata mara moja, kwamba nyumbani kwao kuna madumu mawili: la njano ni la maji ya kunywa na kupikia, ambayo huletwa na bodaboda kutoka chemchemi ya mbali, na la bluu ni la maji ya bomba, ya kufulia na kuoshea vyombo. Mdogo wake aliwahi kuyachanganya, akachapwa. Mgeni akauliza kwa nini wasiyachemshe tu. Binti akacheka, safari hii bila kuuziba mdomo, akasema ukiyachemsha yanayopungua ni maji, floraidi inabaki palepale.

Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba Birmingham floraidi hutiwa kwenye maji kwa makusudi, ili kulinda meno ya watoto. Ni kweli, wamefanya hivyo tangu 1964, kwa kiasi cha takribani miligramu 1 kwa lita. Binti alibaki ameshika andazi. "Mnaiweka?" aliniuliza niulize. "Kwa hela?" Wakaanza kuandika tarakimu kwenye karatasi ya kufutia mikono, moja, moja na nusu, nne, wakibishana mahali dawa inapogeuka sumu. Kengele ikapigwa, tukarudi ukumbini kupitisha kipengele cha tano.

Yapo wanayoyasema waandaaji kuhusu lugha, kwamba mkutano wa kimataifa hauna budi kuendeshwa kwa Kiingereza. Katika mji mwingine ningewaelewa. Hapa Arusha, ndani ya majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifanya kazi hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na shahidi aliyetoka kijijini alitoa ushahidi kwa Kinyarwanda huku mahakimu wakimfuata kupitia wakalimani. Ikiwa jambo zito kiasi hicho liliweza kusikilizwa kwa lugha ya msemaji, sioni kwa nini madumu mawili yalazimike kusubiri chai.

Kuna na hili la nani anamfundisha nani. Kikao cha plastiki kiliongozwa na wageni, kwa picha nzuri sana, wakatushauri vijana wa Kiafrika tuachane na mifuko ya plastiki. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kwao Uingereza duka bado linaweza kukuuzia. Hakuna mwanafunzi wetu aliyeinua mkono kulisema hilo, na nilipowauliza baadaye kwenye daladala, mmoja alinijibu kwamba halikuwa kwenye ratiba, Mwalimu.

Kuhusu ziara ya kurudisha ugeni sitasema mengi. Mgeni wa kutoka Uingereza hulipa dola 50 za viza ya utalii, akafika. Mwanafunzi wangu hana budi kwanza kusafiri hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole, na nauli hiyo peke yake imetosha kuwanyamazisha wazazi. Basi mikutano yote hufanyikia huku, na matatizo yanayojadiliwa yanakuwa ya huku.

Nadhani mji ulioandika Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuwapatanisha Warundi mwaka 2000 unafahamu kwamba maneno ya mwisho huandikwa mwisho, tena kwa kugombania nukta na mkato hadi usiku. Mwaliko wa mwaka huu umefika wiki iliyopita, ukiwa na rasimu ya azimio kama kiambatanisho. Nimejibu kwamba tutakuja wanane, tutaleta madumu mawili na mkalimani wetu, na kiambatanisho nimekirudisha.