Uchunguzi wa Hamburg ulifanyika, kesi ndiyo iliyozimwa

Kuna makala inayosema mauaji ya Hamburg, South Carolina, Marekani, ya Julai 8, 1876, ambapo weupe wenye silaha waliwashambulia watu weusi, hayakuchunguzwa. Hapana, yalichunguzwa. Prince Rivers, aliyezaliwa mtumwa kisha akawa sajenti katika jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani), ndiye aliyeongoza uchunguzi wa vifo.

Utaratibu ulikuwa hivi: jopo la raia linaapishwa, linaitazama maiti lenyewe, majeraha yanaandikwa, kisha mashahidi wanahojiwa kwa kiapo. Kuitazama maiti kulikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa majeraha huonyesha jinsi mtu alivyouawa. Watu weusi wanne walitolewa miongoni mwa mateka usiku, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Anayeuawa akiwa tayari amekamatwa hawezi kuhesabiwa kuwa ameangukia vitani, ingawa washambuliaji walileta hata mzinga kutoka Augusta, ng'ambo ya mto Savannah.

Jopo liliwataja wanaume weupe 94. Kilichokwama ni hatua iliyofuata: uamuzi wa jopo haukumfunga mtu, ulihitaji mwendesha mashtaka aufikishe mahakamani. Washtakiwa walipewa dhamana, kesi ikaahirishwa, na mwaka 1877 serikali ya jimbo ikashikwa na chama kilichowaunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Matthew Butler, mmoja wa waliotajwa, akawa seneta.